Presha Iliyoshushwa kwa Kalamu

“Na haya mashati nayo mtayalaza kwenye machela myapeleke hospitali?” Dobi aliuliza, mkono mmoja kiunoni, na hakuwa akiuliza ili ajibiwe. Alikuwa ameanza kitambo, na jengo zima lilishajua kwamba asubuhi hiyo kuna jambo. Milango ilikuwa imefunguliwa kidogo kidogo, kila mmoja upana wa sikio.

Maji ya sabuni yalikuwa yakishuka ngazi taratibu kama mgeni asiye na haraka. Mashati meupe kumi na mawili ya wahudumu wa hoteli yalikuwa yametapakaa vumbini, na beseni lilikuwa limelala kifudifudi kwenye kona. Hatua tano juu yake alisimama mama yake Karani, ameshika mbele ya machela. Nyuma ya machela alikuwa Kinyozi, jirani wa ghorofa ya chini na mwanafunzi mwenzake chuoni, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Mgonjwa waliyembeba alikuwa gunia la mchanga lililofungwa kwa mikanda mitatu. Walikuwa wamemwita Mheshimiwa, kwa sababu ya uzito wake, na kwa sababu hata abebwe vipi hashukuru.

Kila Jumamosi asubuhi walimshusha Mheshimiwa kutoka ghorofa ya tatu hadi uani, kisha wakampandisha tena. Karani, binti wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyeshika saa na kuhesabu dakika. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu ya mwandiko wake, uliokuwa mzuri kuliko wa watu wazima wengi wenye ofisi.

“Jirani, tuwie radhi,” mama yake alisema. “Hatukukuona unapanda darini na nguo.”

“Mtaniona wapi? Mmegeuza ngazi za watu kuwa barabara ya gari la wagonjwa. Mguu wa hilo limachela lenu umenipiga beseni, na sasa mnasema radhi.”

Karani aliona moto ukimpanda kichwani. Yeye alikuwa amesimama kwenye kona ileile na macho yake yalikuwa mazima. Machela haikumgusa Dobi wala beseni lake. Beseni lilikuwa limemponyoka lenyewe mkononi, upande wa kushoto, kama vile vidole vimesahau kazi yao.

“Hatukukugusa, shangazi,” alisema. “Limekuponyoka mwenyewe. Mimi nimeona.”

Dobi alimgeukia polepole. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili, na alikuwa akifua nguo za nusu ya mtaa tangu Karani hajazaliwa. Alimwambia kwamba mtoto anayemjibu mtu mzima ngazini kesho atamjibu sokoni. Akamwambia pia kwamba hashangai, maana mtoto anayemwandikia mama yake madaftari ya shule ana heshima gani iliyobaki. Kisha akaipandisha sauti ili na ghorofa ya nne wafaidi. Kazi ya gari la wagonjwa, alisema, ni ya vijana wa kiume wenye mabega, si ya wafagiaji wenye umri wa kutafuta wakwe, wala ya vinyozi waliokosa vichwa vya kunyoa. Mahali fulani nyuma ya mlango mtu alicheka, na Dobi, alipoona soko limeitika, akaongeza jina: Daktari wa Ngazi.

Karani alimwangalia mama yake, akingoja jibu. Mama yake aliitua machela, akainama, akaokota mashati moja moja, akayapeleka bombani uani na kuyafua upya yote kumi na mawili. Dobi alikuwa amesimama juu yake akimwonyesha madoa kwa mkono wa kulia. Jambo hilo lilimchoma Karani kuliko matusi yenyewe.

*

Kwa miaka tisa mama yake alikuwa msafishaji kwenye kituo cha magari ya wagonjwa. Alikuwa akipiga deki, akifuta vitanda vya magari, na akiosha damu za watu asiowajua. Kutokana na kuwasikiliza wahudumu wakiandika ripoti zao, alijua mambo mengi kuliko walivyodhani. Chuo chao kilipotangaza kwamba sasa kitapokea pia watu waliopita miaka thelathini na mitano, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, bado ameshika ndoo.

Darasa lake lilikuwa kichekesho cha mji. Zamani mafunzo ya wahudumu wa dharura yalikuwa ya vijana wa kiume, wengi wao madereva. Sasa kati ya wanafunzi ishirini na wanne, kumi na watatu walikuwa wanawake. Kulikuwa na mama wa watoto sita, mshonaji, kinyozi mwenye mvi, na bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu darasa la saba. Watu walisema chuo kimegeuka ukumbi wa kikao cha harusi. Mama yake Karani alikuwa akicheka nao. Lakini jioni, akifungua vitabu, alikuwa hacheki.

Mwezi ule walipewa kazi ngumu. Kila mwanafunzi alitakiwa awapime presha majirani kumi, kila siku saa kumi na mbili jioni, kwa siku kumi, na kuandika namba kwenye daftari maalumu. Mkono upimao uwe wa mwanafunzi mwenyewe, na chini ya kila ukurasa aweke sahihi. Daftari hilo lilikuwa na uzito wa mtihani mzima. Ukilikosa, hufanyi mtihani wa mwisho.

Siku tatu za kwanza mama alipima mwenyewe. Siku ya tatu akaambiwa kwamba kuanzia kesho zamu zake za kituoni ni za jioni. Usiku ule alikaa kitandani akiliangalia daftari kama mtu anayeangalia mlango uliofungwa. Kesho yake asubuhi akamfundisha Karani. Alimwonyesha namna ya kuzungusha mkanda juu ya kiwiko, kubana mpira hadi mshale upande, kuulegeza polepole, na kusikiliza kwa masikio mawili: pigo la kwanza ni namba ya juu, na pigo linapopotea ni namba ya chini.

“Ni siku chache tu,” mama alisema, na hakumtazama usoni. “Sikio lako ni zuri kuliko langu. Ila kuna mtu mmoja namhofia, naye ni Dobi. Presha yake inapanda kidogo kidogo, na nikimwambia aende zahanati anasema ni ngazi. Ukiona namba ya juu imepita mia na sitini, niambie palepale, hata kama nimelala.”

Karani alipima kama alivyofundishwa. Jumatano Dobi alikuwa na 142, Alhamisi 144, Ijumaa 146. Halafu Jumamosi ikaja na beseni lake.

*

Jioni ya Jumamosi hiyo Karani aliwapima watu sita bila shida. Wa saba kwenye orodha alikuwa Dobi, ghorofa ya pili. Alifika mlangoni, akanyanyua mkono abishe, akasikia ndani Dobi akiwasimulia wateja habari za Daktari wa Ngazi na yule karani wake. Kicheko kilijaa chumba kizima. Mkono wa Karani ukarudi chini wenyewe.

Alikaa kwenye ngazi na kufungua daftari. Aliwaza kuacha nafasi tupu, lakini akaona nafasi tupu kwenye ukurasa ule ni kama jino lililong'oka, na mama yake angenyimwa alama. Basi akaandika. Hakuandika ovyo, maana hakuwa mjinga. Aliona kwamba presha ya Dobi imekuwa ikipanda, na kwamba mama yake anahofu, akaamua kuishusha. Na kwa kuwa namba zote alizokuwa ameziandika ziligawanyika kwa mbili, akafikiri namba za namna hiyo zina sura ya kupangwa sana, kama watoto waliochanwa nywele kwa ajili ya picha. Namba witiri ndizo zenye sura ya ukweli. Akaandika 141 kwa 89.

Jumapili aliandika 137 kwa 87. Jumatatu 133 kwa 85. Jumanne, siku ya mwisho, 129 kwa 83. Hakugonga mlango wa Dobi hata mara moja. Wale tisa wengine aliwapima kwa uaminifu wote, na jambo hilo lilimfariji, kana kwamba ukweli wa watu tisa ungetosha kumfunika mmoja.

Usiku wa Jumanne mama alirudi na viatu mkononi. Alipitisha kidole kwenye mstari wa Dobi, kutoka 146 hadi 129, na uso wake ukalegea.

“Afadhali,” alisema. “Jirani yangu na mdomo wake. Nilikuwa nawaza nimpeleke zahanati kwa nguvu, kumbe imeshuka yenyewe.” Akaweka sahihi, akalala.

*

Jumatano, jua likiwa bado juu ya paa la jengo la pili, mama alirudi kabla ya saa yake. Hakuvua hata begi. Alikitoa kile kipimo, akakiweka mezani mbele ya Karani, ile saa yake ya duara ikitazama juu.

“Nionyeshe mia na thelathini na saba,” alisema.

Karani aliinama. Aliiona 130. Akaiona 140. Katikati yake kulikuwa na mistari midogo, akaihesabu: 132, 134, 136, 138. Alihesabu tena. Kila mstari ulikuwa mbili. Hapakuwa na 137 mahali popote kwenye saa ile, wala 133, wala 129. Miezi yote ya kipimo hicho mshale wake haukuwahi kusomwa namba witiri, kwa sababu haukuwekewa mahali pa kuisoma.

“Nilipomkabidhi Mwalimu daftari, hakunigombeza,” mama alisema. “Aliniwekea kipimo mezani hivihivi, mbele ya wenzangu, akaniuliza swali hilihili. Nikakuta siwezi kulijibu.”

Karani alilieleza jambo lote. Alisema kuhusu mlango, kicheko, ngazi na kalamu. Alingoja kofi, au kilio. Mama yake hakufanya chochote kati ya hivyo. Alikuwa tayari amekinyakua kipimo na kuanza kushuka ngazi miguu mitupu.

“Siku nne,” alikuwa akisema peke yake. “Siku nne hakuna aliyemwangalia.”

Karani alimkimbilia. Kwenye ile kona ya beseni akakumbuka, akasema kwa sauti ndogo, “Mama, siku ile kweli hatukumgusa. Beseni liliponyoka lenyewe.”

Mama alisimama ghafla hata Karani akamgonga mgongoni. “Mkono gani?”

“Wa kushoto.”

Mama alizishuka hatua zilizobaki mbili mbili.

Walimkuta Dobi amekaa kwenye kiti, pasi ya moto imesimama mezani, na shati jeupe mbele yake lina alama ya kahawia kifuani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alipowaona alitaka kusema neno lake la kawaida, na likatoka limeteleza upande mmoja.

“Jirani, nichekee,” mama alisema, akiwa amepiga magoti mbele yake.

Dobi alitaka kubisha, lakini labda aliona kitu usoni kwa mama. Alicheka. Nusu ya mdomo ilicheka, nusu ikabaki imenuna.

“Nyanyua mikono yote miwili. Fumba macho.”

Wa kulia ulibaki hewani. Wa kushoto ulishuka, taratibu, mpaka ukatua mapajani, na Dobi akiwa amefumba macho hakujua kwamba umeshuka. Mama alimfunga mkanda na kusikiliza. Mshale ulikuwa 196 aliposikia pigo la kwanza.

“Karani, zima pasi. Mwite Kinyozi. Halafu shika simu, piga ile namba iliyo kwenye jalada la daftari langu, na sema ninachokwambia neno kwa neno.”

*

Gari la wagonjwa lilikuja na vijana wawili wenye mabega, aina ileile aliyokuwa akiisifu Dobi. Walikuwa watu wema, na walikuwa na haraka. Mmoja alimwambia mama apishe njia. Mama hakupisha. Aliwaambia ngazi za jengo lile zina kona mbili mbaya, na machela ikiingia kwa kichwa itakwama kwenye kona ya kwanza. Wakaangaliana. Yule mkubwa wao akamuuliza anajuaje.

“Tumeshusha mchanga hapa miezi mitano,” alisema Kinyozi. “Mpisheni nyinyi.”

Basi Dobi akashushwa na Daktari wa Ngazi mbele na kinyozi aliyekosa vichwa nyuma, kwa mwendo uleule, kwa hesabu ileile. Milango yote ilikuwa wazi, safari hii wazi kabisa, na hakuna aliyecheka. Alipopita, Karani aliona macho ya Dobi yakimtazama mama kutoka chini kwenda juu, yakiwa na maji.

Uani, kijana mwenye karatasi aliuliza dalili zilianza lini. Mama angeweza kusema leo. Majirani walikuwa wamejaa mpaka kwenye bomba, na hakuna aliyejua zaidi.

“Mdomo, leo, hatujui saa,” mama alisema. “Lakini mkono wa kushoto ulidondosha beseni Jumamosi asubuhi, leo siku ya tano. Ijumaa alikuwa na 146 kwa 92. Toka hapo hakupimwa. Namba za siku nne kwenye daftari langu ni za uongo. Andika hivyo.”

Kijana aliandika. Mlango wa gari ukafungwa. Nyuma ya Karani mtu akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akamnong'oneza mwingine, na kabla gari halijafika barabarani habari ilikuwa imeshapanda hadi ghorofa ya nne.

*

Wiki iliyofuata mama aliitwa chuoni, na Karani akaomba aende naye. Alikuwa amepanga maneno yake. Atasema yeye ndiye mwenye kosa, na mama yake atarudishiwa nafasi, kama inavyokuwa kwenye hadithi.

Walingoja kwenye varanda ndefu iliyopangwa picha za kila darasa lililowahi kumaliza. Karani alianza upande wa mlangoni. Picha ya kwanza ilikuwa na wanaume kumi na wawili wembamba, wamekunja mikono kifuani. Ya nne ilikuwa bado na wanaume peke yao. Kwenye ya tisa palikuwa na mwanamke mmoja, pembeni kabisa, nusu ya bega lake imekatwa na fremu. Ya kumi na mbili walikuwa watatu. Ya kumi na tano mtu hakuhitaji tena kuwahesabu. Mwisho wa ukuta palikuwa na msumari mtupu, unaongoja darasa la mama yake.

“Unaangalia nini?” Mwalimu alimuuliza kutoka mlangoni. Alikuwa mzee aliyenyooka, ambaye wanafunzi walimwita Buti kwa sababu viatu vyake viling'aa kuliko kioo. Kwenye picha ya kwanza alikuwa wa tatu kutoka kushoto.

Karani alimwamkia, akatoa maneno yake yote kwa pumzi moja. Mwalimu Buti alimsikiliza mpaka mwisho.

“Sahihi ni ya nani?” aliuliza.

“Yangu,” mama alisema kabla Karani hajafungua mdomo. “Nilimtuma mtoto kazi iliyokuwa ya mkono wangu. Kosa la kwanza ni hilo. La kwake ni la pili.”

Mwalimu alikubali kwa kichwa. Akasema uamuzi umeshatolewa na si yeye peke yake aliyeutoa. Mama ameondolewa kwenye darasa hili. Anaweza kuanza upya na darasa la mwakani, kuanzia somo la kwanza. Kuhusu namna alivyomhudumia jirani, na alivyosema ukweli mbele ya watu, waliandika pia, na ndiyo sababu mlango wa mwakani haukufungwa.

Kisha akaigeukia ile safu ya picha ukutani, akasema kwa uchungu kidogo kwamba watu wanadhani akina mama waliingia kwa sababu dunia imekuwa njema. Si hivyo. Vijana waliona malori yanalipa vizuri zaidi, wakaondoka, na viti vikabaki vitupu. Ndipo mtu akakumbuka kwamba kuna akina mama. Nao walipokuja, wakaleta kitu ambacho wale wanaume wembamba hawakuwa nacho, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao: walijua kuzungumza mlangoni kwa mtu.

“Lakini kuna jambo ulijue, binti,” alisema. “Hapa kijana akikosea, watu husema fulani amekosea. Mama akikosea, husema akina mama wamekosea. Juzi kwenye kikao nimewasikia wawili wakisema, tuliwaambia. Wanawake wenzake mama yako kumi na wawili wanabeba namba zako nne. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.”

Maneno aliyoyapanga Karani yalikuwa yameisha.

Mwalimu alilifungua lile daftari kwenye ukurasa wa Dobi na kuligeuza limtazame. “Uliogopa kuacha nafasi tupu. Ungeiacha, au ungeandika neno moja tu, *sikupima*, mama yako angefanya nini?”

Karani alifikiri. “Angeshuka kwa Dobi usiku uleule.”

“Basi. Nafasi tupu ingemwita. Namba yako ilimlaza. Mtu asiyejua na akasema sijui, bado amekusaidia, maana utakwenda kumuuliza mwingine. Mtu asiyejua na akasema najua amefunga mlango wa msaada na kuondoka na ufunguo. Hiyo ndiyo hasara ya uongo, hata ule ulioandikwa kwa mwandiko mzuri.” Akalifunga daftari. “Hasa ule.”

Walipofika karibu na nyumbani, mama akamwambia Karani kwamba mwakani atapima mwenyewe, hata ikibidi apime watu akiwa usingizini. Ilikuwa mzaha, lakini sauti yake ilikatika katikati.

*

Dobi alirudi baada ya wiki tano. Mdomo ulikuwa umenyooka, ulimi umerudi na makali yake yote, na mguu unakokota kidogo. Mkono wa kushoto haukurudi. Vidole viliweza kushika kibanio cha nguo, lakini kukamua shati hapana. Dobi wa mkono mmoja ni kama ngoma ya upande mmoja, alisema mwenyewe, na wateja walianza kupungua kimya kimya, kwa adabu, mmoja mmoja.

Karani alikwenda kumwomba msamaha. Alikuta mlango uko wazi na Dobi ameketi akiliangalia beseni. Alimweleza yote, hata zile namba, moja moja.

“Nusu nimekusamehe,” Dobi alisema. “Nusu nyingine iko kwenye mkono huu. Ikirudi nitakuita.”

Karani aliinamisha kichwa, akageuka aondoke.

“Ngoja. Sijamaliza. Siku ile ya beseni ulisema kweli. Hamkunigusa. Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi tangu Alhamisi, na nilijua. Niliogopa wateja wasije wakasikia, nikaona heri niwatupie lawama nyinyi.” Akavuta pumzi. “Wewe uliandika uongo, mimi niliupigia kelele ngazini. Tofauti ni kwamba mimi ni mtu mzima.”

Tangu siku hiyo Karani akawa akitoka shuleni anapitia kwa Dobi kukamua na kuanika. Saa kumi na mbili jioni mama yake alimpima Dobi, na Karani aliandika, kila mmoja kwa kazi yake. Zamu zikimbana mama, Karani aliandika alichoambiwa na mama aandike: mstari, na hakuna namba. Namba zilipanda na kushuka kama zilivyotaka zenyewe. 152. 148. 150. Zote zilikuwa shufwa, na hakuna hata moja iliyopendeza.

Alhamisi moja mama alichelewa kurudi. Alipofika alilifungua daftari kabla ya kuketi, kwa kuwa sasa ndiyo ilikuwa desturi yake. Kwenye mstari wa siku hiyo, kwa mwandiko ule mzuri, palikuwa pameandikwa: *Sikupima. Nimebisha mara tatu, hakufungua.*

Mama aliacha begi pale pale mlangoni. Walishuka pamoja, kiatu kimoja cha mama kikiwa bado mkononi, wakapita kona ya beseni bila kushika ukuta. Mama aligonga kwa ngumi.

Mlango ulifunguka. Dobi alikuwa amesimama ameshika mwiko kwa mkono wa kulia, kitambaa begani, na nyuma yake mvuke ulikuwa ukitoka jikoni. Aliwatazama, mmoja miguu mitupu, mwingine akihema.

“Nilikuwa zahanati, foleni ndefu kama ulimi wangu,” alisema. “Sasa mbio zote hizi za nini?”

Karani alimwonyesha daftari. Dobi alisoma ule mstari, midomo yake ikitembea polepole na maneno, akausoma tena. Kisha akautazama mkono wake wa kushoto kwa muda, kama mtu anayemuuliza mwenzake neno.

Akasogea pembeni ya mlango.

“Nipimeni kwanza,” alisema, “halafu mle. Ingieni basi, chakula kinapoa, na mimi sili na watu waliosimama ngazini.”